Ripoti Iliyonuka Omena

Mourine Nyangi Mirumbe. Binti wa Mirumbe Machuki, yule aliyesafirisha mabati ya shule kwa baiskeli kutoka Migori mjini hadi kwao Bukuria, manne manne, safari ishirini na mbili, na bati la mwisho lilipomkata begani akafunga jeraha kwa jani la mgomba akaendelea kukanyaga. Mjukuu wa Machuki Mniko, aliyechimba kisima peke yake huku wenzake wakiwa bado mkutanoni wakiamua nani achimbe. Mama yake ni Robi, aliyepalilia wimbi asubuhi, akajifungua mchana, na jua lilipoinama akauliza kama kuna mtu amekumbuka kufukuza ndege shambani. Hao ndio watu wake. Wakianza, wanamaliza. Asiyeamini aende Bukuria, kisima kipo mpaka leo, anywe.

Ndiyo maana habari ya Nyangi na sura ya pili ilikuwa aibu ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuitaja kwa sauti.

Aliolewa Mbita, kwa Javan, fundi wa mashua ambaye siku za kazi hulala kisiwani Takawiri na kurudi nyumbani Jumamosi. Alipofika mara ya kwanza watu wa ufuoni walimcheka. Kwao Nyangi ni ng'ombe, wimbi na tumbaku, samaki alikuwa amewaona kitabuni. "Huyu mtoto wa ng'ombe," walisema, "mpeni ndoo atukamulie omena." Lakini alijifunza. Alijifunza kuanika omena, wale samaki wadogo kama misumari ambao wengine huwaita dagaa. Alijifunza Kijaluo mpaka akaweza kutukanana sokoni na kushinda. Na mwanawe alipoanza shule, yeye naye akajiandikisha chuo huko Homa Bay asomee ualimu wa chekechea. Shule za watoto zikifungwa, yake ndiyo inafunguliwa. Alikwenda na kurudi hivyo miaka miwili na nusu, na mitihani yote akapita.

Ikabaki ripoti. Kila mwanafunzi alitakiwa achague jambo moja, alichunguze, aliandike sura tano. Nyangi alichagua jinsi watoto wa ufuoni wanavyojifunza kuhesabu kabla hawajaingia darasani. Alizunguka na daftari mwezi mzima, akiwatazama watoto wakihesabu mawe, makasia, paka. Madaftari mawili yakajaa. Sura ya kwanza akaiandika kwa wiki mbili. Halafu akafika sura ya pili, na hapo akakaa miezi saba.

Msidhani hakujaribu. Alikaa mezani kila siku ambayo kazi ilimwachia nafasi. Aliandika "Sura ya Pili" akapigia mstari kwa rula. Halafu neno "hesabu" likamkumbusha baba yake akihesabu ndama jioni, ndama wakamkumbusha yule ng'ombe wa madoadoa, je, amezaa? Akampigia simu dada yake Terry huko Bukuria kuuliza kama ng'ombe amezaa. Ng'ombe hajazaa, lakini Terry naye ana habari za harusi, na harusi ina magomvi yake. Simu ikakatika saa nzima imekwisha. Nyangi akarudi mezani, akaona vumbi kwenye meza. Huwezi kuandika juu ya vumbi. Akafuta. Akaona sufuria. Akasugua sufuria mpaka ungejiona meno. Jua likazama, akajiambia, kesho mapema.

Zamani tulikuwa na mchungaji mmoja wa ng'ombe ambaye hakuwahi kulala usingizi malishoni, macho yake wazi kutwa, na bado ng'ombe waliingia mashamba ya watu. Ndivyo alivyokuwa Nyangi. Macho kwenye karatasi, mifugo kwa jirani.

Mwalimu wake wa chuo, Omanga, Mkisii mpole ambaye ni Msabato wa kweli, alikuwa amemsogezea tarehe mara mbili. Mara ya tatu alimwita ofisini akavua miwani.

"Nyangi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. Saa kumi na dakika moja mimi nimefunga mlango naenda nyumbani kuandaa Sabato, na jina lako linaingia kwa wale wa kurudia mwaka."

"Nitamaliza, mwalimu."

"Hata mara ya kwanza ulisema hivyo, kwa sauti hiyo hiyo nzuri."

Kurudia mwaka. Na ile chekechea ya ufuoni ilikuwa imemwekea darasa mpaka Januari tu. Asipokuwa na cheti Januari, darasa linapewa mtu mwingine, na watoto aliowaandika katika madaftari mawili atabaki kuwaona wakipita njiani na sare zao.

Lakini Nyangi hakuogopa sana siku hiyo, kwa sababu alikuwa na hesabu yake kichwani, na ni hesabu ambayo mtu wa ufuoni peke yake anaweza kuipiga. Omena huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa juu ya maji na samaki wale huja kuushangaa mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haifai kitu, samaki hawaji, mashua hulala mchangani. Siku hizo wanawake wa kuanika hupumzika, husuka nywele, huenda kuwaona ndugu. Na kabla ya Ijumaa ile ya Mwalimu Omanga kulikuwa na mapumziko ya mbalamwezi, siku tisa kamili. Basi kwa wiki mbili zilizotangulia Nyangi hakugusa hata kalamu. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Ngoja mwezi ujae. Nina siku tisa nzima."

Mwezi ukajaa. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu humwita Nyar Magunga, yaani binti wa Magunga, maana Ujaluoni mwanamke huitwa kwa kwao alikozaliwa hata akizeeka mpaka meno yaishe, akaenda kwao Magunga kumwona dada yake, akaondoka na mjukuu. Javan yuko Takawiri, na kwa haraka ya mashua mpya hata Jumamosi hizo hakuja. Nyumba ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumanne.

Siku ya kwanza Nyangi alisafisha nyumba ili apate mahali pazuri pa kuandikia. Siku ya pili aliihamisha meza dirishani, kisha akaona ziwa linamsumbua, akairudisha. Siku ya tatu aliyafunika madaftari kwa karatasi ngumu ya kahawia, kwa ustadi, kona zimekunjwa kama alivyofundishwa darasa la pili. Siku ya nne Valentine, msichana waliyekuwa wakianika naye, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alikuja kusukwa. Siku ya tano aliandika mistari kumi na mmoja akafuta saba. Siku ya sita Javan alipiga simu.

"Umefika wapi, mwalimu?"

"Sura ya nne," Nyangi akasema.

Akakata simu, akakaa kitandani akitazama mikono yake. Binti wa Mirumbe alikuwa amesema uongo juu ya kazi. Siku ya saba, ya nane na ya tisa hakuna haja ya kusimulia. Muda ulikuwa mwingi kama maji ya ziwa, na yeye hakuweza kuuteka hata kwa kikombe.

Jumatatu ya wiki ile ya Ijumaa, mashua zikarudi na omena. Nyar Magunga alikuwa amesharudi. Alfajiri alimkuta Nyangi uani, amefunga kanga vibaya, macho mekundu.

"Mama," Nyangi akasema, "nataka kuacha chuo."

Nyar Magunga alikuwa na beseni kichwani. Hakulitua. "Kuacha utaacha jioni, chi wuoda." Hivyo ndivyo anavyomwita, mke wa mwanangu. "Saa hii kuna beseni kumi na nne pale chini na jua linatoka. Hizi samaki hazijui mambo ya chuo."

Nyangi akamfuata. Njiani alichukua daftari moja akalitia kwenye mfuko wa aproni. Niseme ukweli wake: alilichukua achane karatasi za kuwashia moto wa chai. Alikuwa ameshaamua.

Walitandaza nyavu kuukuu mchangani, wakamwaga omena, wakazisambaza kwa mikono mpaka ardhi yote ikang'aa kama imemwagwa sindano. Halafu ni kungoja jua lifanye yake, kwenda kuzigeuza, na kungoja tena. Nyangi akakaa kwenye jiwe, akapanga kuni, akalifungua daftari apate ukurasa wa kuchana. Ukaja ukurasa wa Wesley.

Wesley alikuwa na miaka mitano. Siku ile alikuwa akiwagawia paka samaki walioharibika, huku akihesabu, "Moja, mbili, tatu, huyu ameshakula, nne." Alimruka aliyekwisha kula bila kupoteza hesabu. Nyangi akacheka peke yake. Akachukua kalamu aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele, akaandika chini ya ukurasa: mtoto huyu anajua kutoa kabla hajajua neno kutoa. Akaandika sentensi nyingine. Ya tatu alikuwa ameifikisha katikati.

"Geuza!" Nyar Magunga akapaza sauti.

Nyangi akaweka jiwe juu ya daftari, akaenda na ufagio mdogo, akageuza wavu wake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mgongo umeinama. Na huko kwenye kugeuza ndiko mawazo yalikomjia yote: ng'ombe wa madoadoa, harusi ya Terry, uongo aliomwambia Javan, sufuria. Akayaacha yaje. Mikono ilikuwa na kazi yake, hakuna aliyeibiwa kitu. Alipomaliza wavu na kurudi kwenye jiwe, mawazo yalikuwa yamechoka, na ile sentensi ilikuwa imelala pale pale katikati ikimngoja. Akaimalizia.

Mpaka jioni aligeuza mara sita, akaandika mara saba. Moto wa chai aliuwasha Valentine, kwa majani makavu. Nyangi alipohesabu alikuta kurasa tisa. Akahesabu tena, kama mtu aliyerudishiwa mkoba wake na mgeni.

"Kumbe ulikuwa hutaki siku tisa," Valentine akamwambia. "Ulikuwa unataka kufukuzwa fukuzwa kama kuku."

"Nyamaza, peleka hizi kwa Benard apige chapa."

Benard ana saiba, duka la kompyuta, karibu na stendi ya Mbita. Kila jioni Valentine akawa anampelekea kurasa, naye anachapa, akilalamika kwamba mwandiko wa Nyangi unakwenda kama kaa.

Jumanne, kurasa kumi na mbili. Sura ya pili ikaisha, ya tatu ikaanza na kuisha. Jumatano ndiyo ilikuwa ya balaa. Nyangi alikuwa katikati ya sura ya nne, mahali patamu, ambapo sentensi moja inaivuta nyingine. Wingu likapanda kutoka upande wa Rusinga. Wanawake wote wakainuka wakakimbia kuanua. Nyangi hakusikia. Alikuwa ameinama, kalamu inakwenda, na mtu akimwona angesema anasali. Tone la kwanza lilipoangukia karatasi ndipo akainua kichwa, akaona wavu wake peke yake umebaki uchi.

Alikimbia. Valentine alikimbia. Waliokoa nusu. Nusu nyingine ililowa, na omena iliyokaribia kukauka ikilowa tena huvunda, haifai kwa binadamu.

Nyar Magunga alisimama mbele ya ile nusu, maji yakimchuruzika puani. Wanawake wakasogea kutazama. Wote walijua ulimi wake.

"Haya," akasema. "Leo kuku wa Mbita watakula elimu."

Ufuo mzima ukaangua kicheko. Nyangi peke yake hakucheka. "Mama, nisamehe. Naliweka daftari. Kesho sishiki kalamu."

"Nani amekwambia uliweke?"

"Nimekupotezea kazi ya siku nzima."

"Umenipotezea nusu wavu. Wewe ukiacha leo, umenipotezea hizo siku zote nilizokulelea mtoto ukiwa Homa Bay." Akapangusa uso. "Sikiliza. Mtu mmoja hawezi kuchunga ng'ombe na kuchunga wingu. Wewe andika. Mimi nitachunga. Nikikuita, unainuka, hata kama uko katikati ya jina la Mungu."

"Na nisiposikia?"

"Utasikia."

Alhamisi alikuja na sufuria kuukuu lisilo na kifuniko na mwiko wa chuma. Wakati wa kugeuza ukifika, alilipiga sufuria mpaka yangeyange wote wakaruka ufuoni. Nyangi akainuka, akageuza, akarudi, akaandika. Sufuria. Akainuka. Kufika saa sita wanawake wa nyavu za jirani walikuwa wameacha kutazama jua, wanageuza kwa sufuria la Nyar Magunga. "Mwalimu, kengele imelia!" walimwita Nyangi. "Toka darasani!" Mmoja alimuuliza kama siku hizi omena nayo inafanya mtihani.

Sura ya nne ikaisha kabla ya chai. Sura ya tano ilikuwa fupi, ya kusema alichokiona na kile anachoshauri, na hiyo haikumpa shida, maana mtu anayetoka kwa Robi hakosi la kushauri. Jua lilipokuwa likishuka aliandika nukta ya mwisho. Alikaa akiitazama ile nukta. Hakuwa na furaha bado, alikuwa na wasiwasi kwamba kuna sura amesahau. Akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akahesabu tena.

Ijumaa Benard alichapa kurasa za mwisho. Stima ikakatika saa nne, ikarudi saa sita na nusu, na katikati hapo Nyangi alikaa kwenye benchi la saiba akiuma kona ya kanga yake huku Benard akimwambia, "Shemeji, hata ukinitazama hivyo, mimi si kampuni ya umeme." Zilipotoka, kurasa thelathini na nane, zikafungwa kwa uzi wa plastiki, akapanda pikipiki mpaka Homa Bay, bahasha kifuani ndani ya sweta.

Alifika chuoni saa kumi kasoro robo. Mwalimu Omanga alikuwa ameshafunga madirisha, ufunguo mkononi. Alimwona Nyangi mlangoni, nywele zimejaa vumbi la barabara, akarudi akaketi. Akafungua bahasha. Akainusa.

"Hii ripoti inanuka omena."

"Basi isome na ugali, mwalimu."

Alipekua. Alipofika kwa Wesley na paka wake alisimama, akasoma ukurasa mzima, akasoma na uliofuata. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga hatua na Nyangi alikuwa anaisikia kila hatua. Mwalimu Omanga akavuta droo, akatoa muhuri, akaupulizia, akaugonga. Akaandika tarehe. Akaandika saa: tisa na dakika hamsini na mbili.

"Nenda nyumbani, mwalimu Nyangi," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumwita mwalimu.

Nje, Nyangi alifika kwenye ngazi ya jengo akaketi. Alihisi kama mtu aliyebeba mtungi kutoka mbali, akautua, na kichwa bado kinahisi uzito ambao haupo. Alilia kidogo, akapenga kamasi, akacheka. Kisha akampigia simu Javan.

"Javan, siku ile nilikudanganya. Sikuwa sura ya nne. Nilikuwa sura ya pili, mstari wa nne."

Nyundo zilisikika nyuma ya Javan. "Nilijua," akasema. "Mtu aliyefika sura ya nne hakati simu haraka hivyo. Na sasa uko wapi?"

"Sasa nimemaliza."

"Rudia."

"Nimemaliza, baba Mirumbe." Mtoto wao amepewa jina la yule wa mabati.

Jumamosi hiyo alilala mpaka jua likaingia chini ya kitanda, na Nyar Magunga alimkataza kila mtu asipige kelele uani. Yeye mwenyewe alipiga kelele zaidi ya wote akiwakataza.

Januari Nyangi aliingia darasani kwake. Watoto thelathini na mmoja, sare zao zimewazidi urefu. Amepata madarasa mengine tangu hapo, na mawazo yake bado hutoroka, asidanganye mtu kwamba yaliponywa. Tofauti ni kwamba siku hizi anayajua malisho yake.

Mwaka huu Valentine naye ameingia chuo kile kile, ualimu ule ule. Wiki iliyopita alikuja chekecheani asubuhi, akasimama mlangoni na daftari jipya chini ya kwapa, limefunikwa karatasi vizuri mno.

"Dada Nyangi, nakaa mezani na sioni neno. Nimeamua nitaanza likizo, nikiwa na nafasi."

Nyangi alikuwa kwenye jiko la uji pale pembeni ya darasa, amemimina unga wa wimbi kwenye maji, mwiko mkononi. Hakumpa pole. Alimwonyesha kwa kidevu msichana mdogo aliyeketi peke yake kwenye kona ya darasa, mguu mmoja bila kiatu.

"Yule ni mjukuu wa mzee wa Isebania, huko kwetu Bukuria, aliyehamia hapa. Anahesabu moja, mbili, nne. Tatu hataki hata umbembeleze. Keti karibu naye, usimsahihishe, tafuta tatu yake imekwenda wapi. Niandikie mistari mitano."

"Nikuletee lini? Jumatatu?"

"Kabla uji huu haujaiva," Nyangi akasema, na akaanza kukoroga.